Kaskazini ni ule ukuta wenye ukungu

Nilizungumza haya Jumamosi iliyopita kwenye mkusanyiko wetu hapa Newcastle, kaskazini ya England. Waliokuwa zamu wameomba maneno yote, basi haya hapa kama yalivyotoka, utani na vyote. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka. Nyingi mnazo kwenye simu zenu.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu, na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na sambusa, habari za jioni.

Nimeombwa niseme juu ya taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayowaka yenyewe angani usiku. Sikuombwa kwa sababu ya elimu, mimi ni dereva wa basi. Niliombwa kwa sababu mwaka 2024 nilipiga kelele nyingi sana kwenye kundi letu la WhatsApp, mpaka mwenyekiti akasema huyu tumpe dakika ishirini, amalize yote siku moja. Basi nipeni dakika zangu.

Swali ninaloulizwa ni moja tu: "Dereva, hapa Newcastle zinaonekana au hazionekani?" Zinaonekana. Mimi na nyinyi tungeweza kwenda nyumbani sasa hivi. Lakini mbona wengi wenu mmeishi hapa miaka kumi, miaka kumi na tano, na hamjaziona? Hilo ndilo swali lenyewe.

Nianze na aibu yangu. Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024. Siku hiyo nilikuwa zamu ya alfajiri, nimeamka saa tisa usiku. Kufika saa mbili jioni nimelala kama gogo. Simu nimeiondoa sauti, nimeilaza kifudifudi. Usiku ule ikatupiga dhoruba ya jua ya daraja la tano, na madaraja yenyewe ni matano. Kitu cha namna hiyo hakikuwa kimetokea tangu Oktoba 2003. Mbingu iliwaka kuanzia Scotland mpaka Cornwall kule chini kabisa. Watu walitoka na nguo za kulalia, wakasimama barabarani wanatazama juu.

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku. Alinipigia mara saba. Asubuhi nafungua simu, nakuta ujumbe mia mbili na kitu. Picha ya kwanza niliyoifungua ni ya jirani yangu, ameipiga akiwa uani kwake. Unaona bomba la moshi la nyumba yangu mimi. Unaona dirisha la chumba nilicholala mimi, pazia limefungwa. Na juu ya paa, mbingu nyekundu, kama mtu amemwaga juisi ya rozela.

Paa langu! Nani hakuziona? Mwenye paa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "hapa tuko mbali mno, mpaka uende Norway", namwonyesha picha ile. Umbali siyo shida yetu kubwa. Ngoja niwaeleze.

Mnaikumbuka kata? Wengine mnaita ngata. Ile pete ya kitambaa mama anayoweka kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Sasa dunia nayo ina kata yake. Dunia ni sumaku kubwa, na chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua zikifika hapa huongozwa na sumaku hiyo, zikaangukia kwenye pete inayozunguka ncha ya kaskazini. Kusini kuna pete nyingine kama hiyo. Siku za kawaida kata imekaa vizuri utosini: juu ya Tromsø kule Norway, juu ya Iceland, juu ya kaskazini ya Kanada. Watu wa huko huziona taa mara kwa mara msimu wa baridi. Wala hawashtuki.

Jua likichafuka, kata inalegea. Inashuka kutoka utosini, inafika kwenye paji la uso. Na sisi wa Newcastle, ndugu zangu, tuko kwenye nyusi. Kuna kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia kinachoanza 0 kuishia 9. Tromsø, namba 2 inawatosha. Sisi, kuziona kwa macho haya, tunataka 6 au 7. Watu wa London wanataka zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukilinganisha na ndugu zako waliobaki kusini yetu, Leicester na Coventry, wewe umependelewa. Nyumba zenyewe ni nafuu na taa tunaona. (Hapo mlipiga makofi, naandika ili ijulikane.)

Halafu hatuhitaji ziwe juu ya vichwa vyetu. Mimi ni mtu wa Tanga. Usiku wa giza, ukisimama ufukweni, unaziona karabai za wavuvi wa dagaa mbali kabisa. Ngalawa huioni, mvuvi humwoni, lakini mwanga unauona. Taa za kaskazini ziko juu sana: rangi ya kijani inawaka kwenye kilomita mia moja na kidogo kutoka ardhini, na nyekundu inawaka juu zaidi ya kilomita 200. Zote mbili ni hewa ya oksijeni, ila imegongwa katika kimo tofauti. Sasa zikiwaka juu ya bahari huko kwenye visiwa vya Shetland, sisi huku tunaona zile za ghorofa ya juu. Ndiyo maana picha nyingi za hapa ni nyekundu na waridi, na kijani kinakuwa ukanda mwembamba karibu na upeo.

Na watu wa hapa wamekuwa wakiziona zamani. Kuna bwana mkubwa mmoja wa Dilston, hapo karibu na Corbridge, anaitwa James Radclyffe, Lord wa Derwentwater. Aliingia kwenye uasi wa 1715 dhidi ya mfalme George, akakamatwa, akakatwa kichwa London tarehe 24 Februari 1716. Wiki mbili hazijapita, mbingu ikawaka kwa namna ambayo watu walio hai hawakuwahi kuiona. Hebu fikiria wewe ni mkulima wa Dilston. Bwana wako amekatwa kichwa, mwili umerudishwa usiku kuzikwa, na anga ni jekundu. Ungesemaje? Wakaziita taa za Lord Derwentwater, na jina hilo lilidumu vizazi. Usiku huohuo London yuko Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, anatazama mwanga uleule, anaandika kwamba huenda unahusika na sumaku ya dunia. Wote wawili waliona kitu kimoja. Mkulima sikumcheka. Nami ningelia.

Sasa nije kwenye lile linalowagharimu watu petroli. Kutabiri.

Nikiwaambia kwamba mtu aliyefungua mlango wa elimu hii alifanya kazi hapo Durham, mtaniamini? Dakika kumi na tano kwa treni. Richard Carrington. Aliajiriwa kwenye chumba cha kutazamia nyota cha chuo kikuu cha Durham mwaka 1849, akaondoka 1852, akajijengea chake Redhill, kusini ya London. Kazi yake kila asubuhi yenye jua: anapitisha mwanga wa jua kwenye darubini, unaangukia kwenye kioo kilichopakwa rangi, naye anachora madoa ya jua. Miaka na miaka, madoa tu.

Tarehe 1 Septemba 1859, asubuhi kabla ya adhuhuri, anachora, mara nukta mbili za mwanga mweupe zikatokea katikati ya madoa. Zinachoma macho. Akafanya nini? Akakimbia kutafuta shahidi. Kurudi, dakika moja haijaisha, mwanga umeshafifia, na muda mfupi baadaye ukatoweka. Nilipolisoma hilo nikajisamehe kidogo juu ya ile Mei. Saa kumi na nane hazijapita, dunia ikatikisika: taa zilionekana mpaka Cuba na Hawaii, nyaya za telegrafu zikatoa cheche, na Marekani kuna mafundi waliochomoa betri zao wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa mbinguni peke yake.

Kwa hiyo tunajua: jua linalipuka, linatupa wingu la chembe, na wingu hilo linasafiri. Umbali ni kilomita milioni 150. Hufika baada ya siku moja hadi tatu. Mpaka hapo utabiri uko sawa, na wataalamu wa hali ya hewa kule Exeter wanakesha saa 24 wanalitazama jua. Kasoro iko hapa. Wingu hilo linakuja na sumaku yake mwenyewe. Sumaku hiyo ikielekea kusini, inashikana na ya dunia, mlango unafunguka. Ikielekea kaskazini, mlango unabaki umefungwa, wingu linapita pembeni, na wewe umebaki unapiga miayo. Na mwelekeo huo hauwezi kujulikana kwa uhakika mpaka wingu lifike kwenye setilaiti zilizowekwa kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa. Toka pale mpaka kwetu ni chini ya saa moja. Mara nyingine nusu saa.

Nusu saa, ndugu zangu! Basi gazeti likiandika asubuhi kwamba leo usiku taa zitaonekana Newcastle, limejuaje?

Mimi niliamini gazeti. Vuli moja nikasema leo ndiyo leo. Namba wameitabiri 7. Nikajaza gari la watu saba, tukaelekea msitu wa Kielder. Chaguo zuri, sijutii: Kielder na hifadhi ya Northumberland zimetambuliwa tangu Desemba 2013 kuwa eneo la anga lenye giza linalolindwa, na ni pakubwa, kama kilomita za mraba 1,500. Kuna na kituo cha kutazama nyota tangu 2008. Saa moja na nusu za barabara, zile za mwisho zimejaa kona na kondoo. Tumefika, giza la kweli, lile la kijijini. Mama mmoja, yuko hapa, simtaji, akaona Kilimia akaanza kulia, anasema hajaiona vile tangu atoke kwao.

Tukangoja. Saa nne. Saa tano. Simu hazishiki mtandao, kwa hiyo hatujui kinachoendelea. Tukala chapati na mchuzi umeshaganda mafuta. Saa sita na nusu mawingu yakaja kutoka magharibi kama mtu anavuta shuka. Saa nane tukarudi. Asubuhi natazama kumbukumbu za usiku ule: sumaku ya wingu ilielekea kaskazini toka jioni mpaka alfajiri. Mlango haukufunguliwa hata kidogo. Na hela za petroli nyote mnajua nani hajalipa mpaka leo.

Kwa hiyo mimi sisafiri tena kwa sababu ya utabiri. Utabiri ukiwa mzuri, kazi yake ni moja: naacha simu na sauti. Halafu nafuata onyo la wakati uleule. Kuna huduma ya chuo kikuu cha Lancaster, AuroraWatch UK, ya bure, inapima sumaku ya dunia hapahapa Uingereza inavyotikisika. Ina rangi nne: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Kijani lala. Njano endelea na chai yako. Chungwa, sisi wa kaskazini ya England tunavaa viatu. Nyekundu, usinipigie simu kuniuliza, toka nje.

Toka nje uende wapi? Nije kwenye kichwa cha maneno haya. Niliwauliza mlipoingia: kaskazini ni wapi? Watu wakaonyesha pande nne. Watu wa Mwambao, tulioipa kaskazini jina kwa upepo wa kaskazi, hatujui iko wapi tukifika mjini!

Kama unaswali, ni rahisi. Kibla cha hapa ni kusini-mashariki. Ukisimama kukielekea, kaskazini iko bega lako la kushoto, kwa nyuma kidogo. Kama una jicho la nyota, tafuta nyota ya kaskazini, ile ambayo Tanga na Dar hatuioni kabisa. Hapa imekaa juu zaidi ya nusu ya anga, haihami usiku kucha. Na kama huna hili wala lile, nenda chumbani kwako. Ule ukuta wenye ukungu mweusi, ambao mwenye nyumba anasema ni kwa sababu unaanika nguo ndani, mara nyingi ndio wa kaskazini. Jua la hapa haliugusi msimu wote wa baridi. Dirisha la upande huo ndilo lako. Zima taa, fungua pazia, tazama chini karibu na mapaa, siyo juu.

Ukitaka zaidi ya dirisha, panda treni ya Metro mpaka Whitley Bay, tembea ufukweni kuelekea mnara wa taa wa St Mary's. Mji unaubakiza mgongoni, kaskazini iko mbele. Mji wa Blyth unaharibu kidogo kwa taa zake, siwadanganyi. Wenye gari waendelee mpaka ufukwe wa Druridge Bay. Lakini nawasihi watu wa bara, maana wa pwani hawahitaji kuambiwa: njia ya kwenda kisiwani St Mary's hufunikwa na maji. Ya kisiwa cha Lindisfarne ndiyo kabisa, kila mwaka magari yanazama pale. Soma saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuvuka. Bamvua haimjui mgeni.

Na mama aliyeniuliza kama awalete wajukuu mwezi wa sita: hapana, mama yangu. Kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai usiku wa hapa hauivi, giza halikolei. Ile Mei yangu ilikuwa ajabu tu. Miezi mizuri ni Machi, Septemba na Oktoba, sumaku hushikana vizuri zaidi karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana. Wapo pia wanaosema tumechelewa, jua lina mzunguko wa kuchafuka na kutulia wa miaka kama 11, na kilele kilitangazwa mwaka 2024. Ni kweli linashuka. Ila ile dhoruba ya Oktoba 2003 nayo ilikuja wakati kilele chake kimeshapita.

La mwisho, niwaambie macho yanaona nini, nisije nikalaumiwa.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024. Jua lililipuka usiku wa kuamkia tarehe 9, wingu likafika alasiri ya tarehe 10, siku moja na nusu tu. Safari hii simu ilikuwa na sauti. Inalia, niko mezani. Nikaacha sahani. Mke wangu akachukua chupa ya chai ya tangawizi, tukaenda St Mary's, upande wa nchi kavu.

Tumefika, mke wangu anauliza: "Ziko wapi?" Mimi namwonyesha. Anasema, "Hilo ni wingu." Na kweli lilikuwa kama wingu. Utepe wa kijivu, umelala juu ya bahari, kama moshi wa jiko la jirani. Nikachukua simu, nikaiegemeza kwenye ukuta wa mawe isitikisike, nikaipa sekunde tatu. Kwenye kioo: nyekundu, kijani, waridi. Akatazama simu, akatazama anga, akatazama simu. "Simu yako inadanganya."

Haidanganyi. Jicho gizani linatumia sehemu yake isiyojua rangi. Simu inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, jicho haliwezi. Lipe jicho dakika ishirini bila kutazama kioo chenye mwanga, litaanza kuona. Tukaweka simu mfukoni. Tukanywa chai. Watoto wa watu wanakimbia kwenye mchanga. Dakika kumi, hakuna. Dakika kumi na tano, hakuna.

Halafu ule moshi ukasimama. Sijui niseme vipi kingine. Ulikuwa umelala, ukasimama wima, ukawa nguzo, nguzo zikawa nyingi, zinatembea kutoka kushoto kwenda kulia taratibu kama watu wamebeba taa nyuma ya pazia. Rangi nyekundu tuliiona kwa macho, bila simu, imepanda mpaka juu ya vichwa vyetu. Pwani nzima ikanyamaza. Mke wangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, na mkono wa pili ameshika kifuniko cha chupa chenye chai, na ile chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu changu, na hakuna aliyejali.

Zilidumu dakika sita, labda nane. Kisha moshi tena.

Basi. Pale mezani karibu na birika nimeweka karatasi. Andika jina na namba, na pembeni andika saa ambayo ni mwisho kukupigia. Nani kaandika "saa yoyote"? Sawa. Mwaka juzi wanne waliandika hivyohivyo, nikawapigia saa nane usiku, na nilivyotukanwa nakumbuka. Majina yenu ninayo, nimeyawekea alama. Nyinyi nitawagongea mlango.